Je, Steve Hackett anauza zilipendwa tu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Najifunza gitaa, huu ni mwaka wa tatu. Juzi niliangalia rekodi ya tamasha la Steve Hackett ndani ya Royal Albert Hall, London, la Oktoba 2024. Alifungua kwa nyimbo tatu mfululizo za albamu yake mpya, akafuata na nyimbo nyingine za kwake, na baada ya mapumziko ndipo akaingia kwenye kazi za Genesis, bendi ya Uingereza aliyoipigia gitaa miaka ya 1970. Rafiki yangu niliyekuwa naye alitaka turuke nusu yote ya kwanza. Anasema mzee anauza zilipendwa, na hizo mpya ni za kusubirisha watu mpaka wakae vitini. Nilimbishia, ila mwishoni nikakwama mwenyewe: ile solo ya Firth of Fifth aliipiga karibu noti kwa noti kama ilivyo kwenye rekodi ya 1973. Mtu wa uzoefu wake kwa nini asibuni? Na kama habuni, ana tofauti gani na bendi ya kukopi?

Jibu: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu maneno ya rafiki yako nayasikia pia kwa watu wazima wanaoujua muziki vizuri, na pale ulipokwama wewe nami nilikwama miaka mingi iliyopita. Nianze na solo. Nyimbo mpya tutazifikia.

Chukua albamu ya Genesis ya 1973, Selling England by the Pound, usikilize Firth of Fifth yote, dakika 9 na nusu, bila kurukia sehemu ya gitaa. Mwanzo ni piano peke yake, Tony Banks. Ukijaribu kuhesabu kwa mguu utapotea, maana mapigo yanabadilika kila mara: inakuja hatua ya mapigo mawili, kisha ya 13/16, kisha ya 15/16, na juu ya hesabu hiyo ngumu muziki bado unatiririka kama maji. Kuimba kunafuata. Kukiisha, bendi inanyamaza karibu yote, na Peter Gabriel, mwimbaji wa bendi, anapuliza filimbi. Ni mahadhi ya upweke, mepesi, kama mtu anayejipigia mluzi akidhani hakuna anayemsikia. Piano inayapokea. Baadaye ile piano ya mwanzo inarudi, safari hii kwenye sinthesaiza, ngoma zikiwa chini yake, na bendi nzima inapanda mlima. Inapofika kileleni gitaa linaingia. Nalo linapiga nini? Linapiga yale mahadhi ya filimbi.

Ndiyo maana habuni. Unachokiita solo si solo kwa maana uliyoizoea, ya mpigaji kuachiwa uwanja atambe. Ni mahadhi yaliyotungwa, yaliyokwisha kutajwa kwa sauti ndogo, yakirudi kwa sauti kubwa. Msimulizi akitaja pete ya dhahabu mwanzoni mwa hadithi, pete inayoonekana kwenye tumbo la samaki mwishoni lazima iwe ileile. Akileta pete nyingine kwa sababu amechoka na ile ya kwanza, hadithi imekufa. Roki ya progresivu, katika kazi zake bora, imejengwa hivyo: vipande virefu, vyenye mambo yanayopandwa dakika ya pili na kuvunwa dakika ya nane. Ukiwa ndani ya kazi ya namna hiyo, uhuru wako hauko kwenye kuchagua noti.

Uko wapi basi? Hapa nataka usogeze kiti. Katika sehemu ile ya gitaa kuna noti moja ya juu ambayo Hackett anaishikilia kuliko inavyotarajiwa. Filimbi haikuweza kufanya hivyo, pumzi ya mtu ina mwisho, na piano haiwezi kabisa, kwa sababu waya ukishagongwa sauti huanza kufifia papo hapo. Gitaa la umeme linaweza. Mwaka 1973 noti kama hiyo ilitegemea kifaa cha kukwaruza sauti na ukali wa ampilifaya: sauti inatoka kwenye spika, inautikisa waya uleule ulioizaa, na waya unaendelea kuimba. Miaka ya karibuni Hackett hutumia gitaa la Fernandes lililofungwa kifaa cha kudumisha sauti. Kifaa hicho kinapokea mtikisiko wa waya, kinaukuza, kisha kinaurudisha kwenye waya kwa nguvu ya sumaku. Mpigaji akitaka, noti haifi mpaka yeye aiue.

Sasa mwangalie mkono wake wa kushoto kwenye rekodi uliyonayo. Noti haianzi ikiwa imenyooka pale inapotakiwa. Inafika kwa kuvutwa. Inakaa kimya kidogo bila kutetemeshwa, na ndipo kidole kinaanza kutikisa, taratibu, kikiongeza. Muda wa kungoja kabla ya kutetemesha haulingani kutoka rekodi moja hadi nyingine. Tafuta Seconds Out ya 1977, iliyorekodiwa zaidi Paris, ulinganishe na ya 1973 na hii ya 2024. Noti ni zilezile. Katika ile ya 1973 unasikia kijana wa miaka 23 ndani ya studio, mwangalifu, akijenga. Ya 1977 ina haraka ya jukwaani, na piano ya mwanzo imeachwa kabisa, wimbo unaanza moja kwa moja na bendi. Ya sasa imerudishiwa piano yake, anaipapasa Roger King, na gitaa linakaa nyuma ya mapigo kwa unywele tu, kama mtu asiye na wasiwasi kwamba basi litamwacha. Hapo ana miaka 74. Huo ndio ubunifu ulioutafuta ukaukosa, kwa sababu uliutafuta kwenye noti.

Nikuambie lililonipata. Nilipokuwa na umri kama wako niliinakili sehemu hiyo kwa miezi, kaseti mbele, kidole kwenye kitufe cha kurudisha. Nilipoona imeiva nikaenda kuipiga mbele ya mwalimu wangu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniomba nimwimbie kwa mdomo ile sehemu ya filimbi. Sikuweza. Sikuwa nimeisikiliza hata siku moja, nilikuwa naipitisha haraka ili nifike kwenye gitaa. Akaniondolea gitaa kwa wiki nzima. Nami nakupa zoezi hilohilo: imba filimbi mpaka uweze kuiimba ukiwa unaosha vyombo, ndipo ushike gitaa.

Kuhusu bendi ya kukopi. Zipo bendi zinazofanya kazi hiyo kwa heshima kubwa, na sitaki uzidharau. Kuna The Musical Box ya Montreal, Canada, ambayo imejenga upya maonyesho ya Genesis ya miaka ya 1970, mavazi, taa, hata picha za slaidi, kwa idhini ya wenyewe. Kazi yao ni kuifikisha tarehe. Unaketi, na mbele yako ni usiku fulani wa 1973 au 1975. Hackett hafanyi hivyo hata kidogo. Hakuna kichwa cha mbweha wala gauni jekundu alivyovaa Gabriel jukwaani, hakuna anayejifanya yeye. Nad Sylvan, anayeimba naye tangu 2013, ana namna yake ya kusimama na kuvaa. Rob Townsend anapuliza saksafoni mahali ambapo Genesis hawakuwahi kuwa na saksafoni, na kuna ziara ambayo wimbo wa I Know What I Like uligeuzwa karibu kuwa jazi, saksafoni ikitangatanga dakika kadhaa kabla ya kurudi kwenye kibwagizo. Jonas Reingold anashika chombo chenye shingo mbili, besi na gitaa la nyuzi 12, huku miguu ikikanyaga besi ya sakafuni, na hapo kweli anafuata nyayo za Mike Rutherford, mpiga besi wa Genesis, ila mkono ni wa kwake. Mahali palipotungwa wanapaheshimu. Mahali palipoachwa wazi wanacheza.

Na kuna jambo dogo linalonigusa kila nikiliona. Enzi za Genesis Hackett alikuwa akipiga ameketi, miwani, ndevu, kichwa kimeinamia shingo ya gitaa, kama fundi saa. Vituko vyote aliachiwa Gabriel. Alikuwa huko pembeni akifanya mambo ambayo dunia ilikuja kuyashangaa baadaye kwa wengine, kama ile mbinu ya kugonga nyuzi kwenye shingo kwa ncha ya kidole cha mkono wa kulia, ambayo unaisikia kwenye Dancing with the Moonlit Knight ya 1973, miaka mitano kabla ya albamu ya kwanza ya Van Halen, bendi iliyoipa mbinu hiyo umaarufu. Leo anasimama katikati ya jukwaa na kuzungumza na watu. Nyimbo ni za zamani, ila mtu aliyezishika amehama kutoka kwenye kigoda hadi katikati. Bendi ya kukopi ingemrudisha kwenye kigoda.

Haya, sasa nyimbo mpya, ambazo kwangu ndizo kiini cha barua yako.

Rafiki yako ametumia neno zilipendwa, na ni neno zuri, ila litazame lilivyoundwa. Zilipendwa: kupendwa kwenyewe kumekwisha kupita. Kazi ya nusu ya pili ya tamasha uliloliangalia ilitoka zaidi kwenye The Lamb Lies Down on Broadway, albamu ya sahani mbili ya 1974, iliyotimiza miaka 50 wakati huo. Unajua ilivyopokelewa mara ya kwanza jukwaani? Ziara ilikuwa ianze Uingereza. Kabla ya kuanza, glasi ya mvinyo ilipasuka mkononi mwa Hackett na kumkata kano ya kidole gumba. Maonyesho ya nyumbani yakaahirishwa, naye akapewa muda wa kupona, na ziara ikafunguliwa Chicago, Novemba 1974, albamu ikiwa ndiyo kwanza inatoka. Fikiria hao watu wa Chicago. Wamekuja kusikia nyimbo wanazozipenda. Wanawekewa saa moja na nusu ya muziki ambao wengi wao hawajawahi kuusikia, wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na picha za slaidi nyuma kwenye skrini tatu, hadithi ya kijana wa mitaa ya New York anayeitwa Rael anayevutwa chini ya ardhi. Vya zamani walipewa mwishoni kabisa, kama nyongeza. Ziara nzima ilikuwa hivyo, hadi 1975, na ilipokwisha Gabriel aliondoka kwenye bendi.

Kwa hiyo hicho ambacho rafiki yako anakisubiri nusu ya pili kilikuwa, siku ya kwanza, kile anachokiruka nusu ya kwanza. Kililetwa kwa watu ambao hawakukiomba, na mpigaji aliyekuwa na jeraha la mkono. Hakikupendwa kwa sababu kilikuwa cha zamani. Kilipendwa kwa sababu kuna watu walikaa wakakisikiliza kikiwa kigeni.

Gabriel mwenyewe hakuacha tabia hiyo. Mwaka 2023 alianza ziara Kraków, Poland, mwezi Mei, huku albamu yake i/o ikitoka Desemba. Sehemu kubwa ya onyesho ilikuwa nyimbo za albamu hiyo ambayo bado haijatoka. Nyimbo zilikuwa zikitolewa moja moja kila mwezi mpevu, hivyo nyingine watu walizisikia jukwaani kabla ya kuzisikia mahali pengine popote. Mtu wa miaka 73, mwenye hazina ya vibao ambavyo vingemtosha kuimba usiku kucha. Alichagua njia ngumu.

Hackett amechagua njia ya kati, na naikubali ingawa si yote. Tuseme ukweli: jina la Genesis ndilo linalojaza ukumbi. Alitoka kwenye bendi 1977, akajitegemea, akatoa kazi nzuri sana kama Spectral Mornings ya 1979, na kwa miaka mingi wasikilizaji wake walikuwa waaminifu lakini si wengi. Alipotoa Genesis Revisited II mwaka 2012 na kuzunguka nayo, milango mikubwa ikafunguka, na mwaka uliofuata akawa Royal Albert Hall. Hilo si aibu. Nyimbo hizo alikuwa mmoja wa waliozijenga, na katika wenzake hakuna mwingine anayezipeleka jukwaani mfululizo. Genesis yenyewe ilifanya onyesho la mwisho London, Machi 2022, Phil Collins akiimba ameketi kwa sababu ya afya na mwanawe Nic akiwa kwenye ngoma. Bila Hackett, ukitaka kusikia kazi hizi zikipigwa na mkono uliozirekodi, utazisikia wapi?

Lakini tazama anavyoutumia ukumbi ukishajaa. Nyimbo zile tatu za mwanzo zinatoka The Circus and the Nightwhale, albamu ya Februari 2024. Nayo ni hadithi moja ndefu. Mhusika anaitwa Travla, na maisha yake yanafanana sana na ya Hackett: kuzaliwa London ya 1950, mji wa moshi na treni za mvuke uliokuwa bado unajikung'uta vumbi la vita. Wimbo wa kwanza, People of the Smoke, unaanza kwa sauti za redio na treni kabla gitaa halijaangusha mlango. Kisha Travla anaingia kwenye sarakasi ya dunia, anapotea, anatafuta njia ya kutoka.

Umeona sasa? Nusu ya kwanza kijana anatoka kwenye moshi wa London na kuingia kwenye giza akitafuta njia. Nusu ya pili kijana anatoka kwenye mitaa ya New York na kuingia kwenye giza akitafuta njia. Travla na Rael. Hadithi ya Rael iliandikwa na Gabriel, na katika albamu ile vinanda vya Banks vilitawala, gitaa likabaki mara nyingi kwenye kona. Miaka 50 baadaye yule wa kwenye kona anasimulia safari yake mwenyewe kwanza, kwa maneno na gitaa lake, na baada ya mapumziko ndipo anafungua ile ya pamoja. Na haifungui yote. Katika nyimbo 23 za albamu amechukua chache, na ukizikagua utaona mkono wa mtu anayechagua vipande ambavyo gitaa lina la kusema. Mimi nilipoliona hilo nililirudia tamasha zima usiku uleule. Aliyeruka nusu ya kwanza amesikia nyimbo za Rael, ila hajajua kwa nini zimewekwa hapo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyimbo mpya ndizo mgeni huyo. Bendi inayopiga vya zamani pekee huanza kupiga kwa mazoea, vidole vinakwenda vyenyewe, masikio yanalala. Bendi ileile ikiwa na nyimbo tatu ambazo bado inazitafuta, ambazo mtu anaweza kukosea, kila mmoja anafungua masikio, na hufungui masikio ukayafunga tena baada ya mapumziko. King ni mshirika wa Hackett studioni kwa miaka mingi. Townsend, Reingold na Sylvan wamo kwenye rekodi hiyo mpya. Hawa hawakuajiriwa wajifunze sauti ya 1974 kutoka kwenye sahani. Wamejifunza anavyowaza mtu huyu sasa hivi, akiwa anatunga, na wanapoingia kwenye The Lamb wanaingia na ujuzi huo. Ndiyo maana haipwayi.

Nina malalamiko yangu, na sitaki nikufiche. Baadhi ya nyimbo zake za miaka ya karibuni zimejazwa mno studioni, tabaka juu ya tabaka, sauti za okestra, kwaya, gitaa juu ya gitaa, mpaka hewa inakwisha. Zikipigwa na watu sita jukwaani nyingi zinapona, kwa sababu lazima kitu kipunguzwe. Hilo ni sababu nyingine ya kutoziruka: unasikia mifupa yake kwa mara ya kwanza. Lalamiko la pili ni mpangilio. Kuzirundika mpya mwanzoni kunampa rafiki yako mlango wa kutokea. Ningependa moja iwekwe katikati ya nusu ya pili, baina ya nyimbo mbili za 1974, bila kutangazwa. Anao ujasiri wa kutunga, ningefurahi auonyeshe na kwenye kupanga.

Hatua yako ya kufuata ni rahisi. Usirudie tamasha lote mara moja. Sikiliza kwanza albamu mpya peke yake, angalau mara mbili, ukiwa umelala, bila picha. Kisha nusu ya kwanza ya tamasha. Zingatia Every Day, ya Spectral Mornings, inayokuja baada ya hizo mpya: ndiyo daraja lako, kwa sababu pale gitaa lake linaimba bila bendi ya zamani na bila hadithi mpya, ni yeye tu. Ukifika nusu ya pili, acha kutazama vidole vyake anapopiga kwa kasi. Mtazame anapokuwa hana la kupiga. Ana nyakati ndefu za kungoja, na anavyozingojea, kichwa kikiwafuata wenzake, utajifunza kuliko kwenye mbio zote.

Na mwambie rafiki yako asizime baada ya Firth of Fifth. Mwisho kabisa unakuja Los Endos, kipande kisicho na maneno cha albamu ya Genesis ya 1976. Kwenye rekodi yake ya asili kinafunga kwa kuvikusanya vipande vya nyimbo zilizotangulia kwenye albamu. Hackett akikipiga siku hizi hukipasua katikati na kuingiza Slogans, kipande chake cha 1980, cha albamu ya Defector, kisha anarudi Genesis kumalizia. Muziki hausimami, hakuna anayetangaza. Kaeni wawili, kila mmoja na kalamu, mwandike dakika na sekunde ambapo mnadhani bendi imevuka kutoka kazi ya pamoja kuingia kazi yake, na ilipovuka kurudi. Msiangaliziane. Mkishamaliza nitumieni karatasi zote mbili, yako na ya rafiki yako.